Mfenesi wa Bombo na Makerezo Mawili

Mfenesi uliokuwa nyuma ya nyumba ya mama yangu, Bombo, Uganda, uliangushwa na upepo wa mvua za Aprili, na alasiri hiyohiyo vijana wa mtaa walikuwa wamekwisha kufika na misumeno wakiulizia bei ya kuni. Mti huo aliupanda marehemu baba mwaka aliohamishiwa kwenye kambi ya hapo, nasi watoto wa askari tulikulia chini yake, tukigombana kwa Kiswahili juu ya nani atapewa nyama ya fenesi na nani ataachiwa kokwa. Mama hakutaka kuuona ukiishia mekoni kwa jirani. Aliniambia, "Mwanangu, wewe unapenda kuchezea mbao, nitengenezee bakuli, hata moja tu." Nilikubali upesi kuliko ilivyonipasa. Wakati huo nilikuwa na randa, msumeno na patasi mbili, na nilikuwa nimeshatengeneza rafu na vigoda kadhaa, lakini sikuwa nimewahi kukereza chochote, wala sikuwa na kerezo, yaani mashine inayouzungusha mti huku patasi ikiuchonga.

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, na kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikiwauliza watu wengine kwa nini walinunua kitu kabla ya kuandika mahitaji yao. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba sikuzijua kanuni za manunuzi. Nilizijua zote, na siku ile niliziacha ofisini.

Kerezo la kwanza nililipata Kampala kwa mfanyabiashara wa vifaa vilivyotumika kutoka Uingereza. Lilikuwa refu, lenye nafasi ya inchi 40 kati ya kichwa kinachouzungusha mti na mkia unaoushikilia upande wa pili, rangi yake ya kijani bado ilikuwa inang'aa, na bei yake ilikuwa shilingi 950,000. Nilimwuliza muuzaji maswali mawili tu: kama linawaka, na kama bei inapungua. Akalichomeka, likavuma vizuri, bei akaigomea. Nililipa, nikaongeza 50,000 za pikapu hadi nyumbani kwangu Kira, na usiku huo niliamka mara mbili kwenda kulitazama.

Jambo moja nililipatia kwa bahati, nalo ni umeme. Umeme wetu ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na mashine iliyotengenezewa Uingereza huupokea bila shida. Mashine iliyotumika Japani hutaka volti 100, na ya Marekani hutaka takribani 120, kwa hiyo zote mbili zinahitaji transfoma. Na transfoma haiwezi kubadilisha idadi ya mizunguko, hivyo mota ya kawaida iliyotengenezewa mizunguko 60 itakwenda polepole zaidi hapa kwetu na kupata joto kupita kiasi. Kila mota ina kibati chenye maandishi haya. Kisomeni kabla ya kutazama rangi.

Gogo la mfenesi nililikata nikiwa na kijana mwenye msumeno wa mnyororo, tukapata duara la inchi 11 kwa upana na inchi 4 kwa unene, bichi, zito, lenye utomvu uliogandia mikononi hadi jioni. Nililifunga kwa skrubu kwenye bamba la chuma lililokuja na mashine, nikalikaza kichwani, nikawasha. Kerezo zima lilianza kutembea sakafuni kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Nilizima, nikaweka mifuko miwili ya mchanga juu ya miguu yake, nikawasha tena, likatembea pamoja na mifuko.

Hesabu ambayo ningepaswa kuifanya dukani niliijua wiki mbili baadaye. Wakerezaji huzidisha kipenyo cha mti kwa inchi na mizunguko ya mashine kwa dakika, na jibu hutakiwa kukaa kati ya 6,000 na 9,000. Mti ambao bado haujawa duara kamili huanzishwa chini kabisa ya hapo. Kerezo langu lilikuwa na kasi nne, zinazobadilishwa kwa kuhamisha mkanda, na ile ya chini kuliko zote ilikuwa mizunguko 850. Mara 11 ni 9,350. Yaani kasi ndogo kabisa ya mashine yangu ilikuwa inazidi kasi kubwa kabisa iliyofaa kwa kipande kile hata kama kingekuwa kimelingana vizuri, nacho kilikuwa gogo bichi lenye upande mmoja mzito. Wauzaji hupenda kutaja kasi kubwa, 2,500 au 3,500. Anayetaka kutengeneza mabakuli aulizie kasi ndogo, na ikiwa inazidi 500, aendelee kutembea.

Kosa la pili lilikuwa mwilini mwa mashine yenyewe. Kitanda chake, ile sehemu ndefu inayobeba kichwa na mkia, kilikuwa cha bati nene lililokunjwa, si chuma kizito cha kalibu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa. Uzito ndio unaomeza mtetemo. Mashine ndogo ya mezani ya chuma cha kalibu huweza kuwa na kilo 40 au zaidi, na mtu mzima akishindwa kuinyanyua peke yake, hiyo ni sifa yake.

Siku ya tatu nilichukua patasi pana kuliko zote katika seti yangu, yenye mdomo wa mfereji, nikiamini kwamba gogo kubwa linataka patasi kubwa. Seti hiyo ya patasi sita niliinunua kwa 180,000. Patasi niliyoichukua ni ya kulainishia nguzo na miguu ya meza, ambako nyuzi za mti hulala sambamba na kitanda. Shina lake linaloingia kwenye mpini ni jembamba, na kwenye bakuli, ambako kila mzunguko huleta mara mbili nyuzi zilizosimama mbele ya patasi, hung'ang'ania na huweza kukatika. Yangu haikukatika. Iling'ang'ania tu, skrubu zikang'oka, na duara la mfenesi likapita karibu na sikio langu, likagonga dari na kuangukia kwenye beseni la nguo. Nilikuwa nimevaa miwani ya kusomea. Nilizima mashine, nikakaa kwenye ngazi ya mlangoni mpaka mikono ilipoacha kutetemeka, na kwa wiki tatu sikukifungua chumba kile.

Kilichonirudisha ni mzee mmoja wa Ndeeba, Kampala. Nilikwenda soko la mbao kutafuta vipande vikavu vya kujifunzia, vile vinavyobaki karakana zikimaliza kazi, ambavyo kwa kawaida wakaanga chapati huviwahi mapema kwa kuni, nikamkuta akikereza miguu ya vitanda kwa mashine iliyoungwa hapahapa mjini kwa vyuma vya mhimili na mota kubwa. Nilimweleza yaliyonipata. Alisimamisha mota, akafuta vumbi usoni, akaniuliza, "Mama, hiyo mashine yako ni ndefu?" Nilipomjibu, alisema, "Basi umenunua ya kwangu. Mimi nafanya miguu ya vitanda. Wewe unataka bakuli. Bakuli halina urefu."

Sentensi hiyo ilikuwa na thamani kuliko yote niliyokuwa nimeyasoma. Urefu kati ya kichwa na mkia hauna maana kwa mtengeneza mabakuli. Kinachomhusu ni upana wa mti unaoweza kuzunguka juu ya kitanda. Hapo napo pana mtego: baadhi ya wauzaji hutaja kipenyo kizima, na wengine, hasa wa desturi ya Kiingereza, hutaja kimo kutoka katikati ya kichwa hadi kitandani, ambacho ni nusu yake. Sita ya mmoja ni kumi na mbili ya mwingine. Chukueni rula mpime wenyewe.

Mzee huyo alinionya pia kuhusu patasi zilizotengenezwa kwa tupa kuukuu, ambazo nilikuwa nimeanza kuzitamani kwa sababu ni rahisi. Tupa imekazwa kwa moto hadi kuwa ngumu sana, na chuma kigumu namna hiyo hakipindi, bali huvunjika vipande ghafla. Yeye mwenyewe alizitumia zamani. Alinionyesha kovu kifundoni mwa mkono, na hatukuzungumza zaidi juu ya hilo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigharimu kuliko yote, ingawa ukubwa wake ni wa kidole gumba: hesi ya kichwa, yaani zile nyuzi za skrubu mwishoni mwa mhimili ambamo kila kifaa hukazwa. Baada ya skrubu kung'oka niliamua kununua kishikio chenye taya nne, ambacho mafundi wote wa Katwe hukiita chaki, nikaagiza kimoja kwa shilingi 480,000. Kilipofika hakikuingia. Kilikuwa na hesi ya inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa inchi, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye makerezo mengi ya ukubwa wa kati. Mhimili wangu ulikuwa wa robo tatu ya inchi na nyuzi 16. Mashine kubwa za Ulaya, nazo, mara nyingi huwa na milimita 33 kwa hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 3.5. Tundu la ndani la mhimili lina hadithi kama hiyo: mashine ndogo mara nyingi huwa na mchongoko wa Morse, yaani kipimo cha tundu linalopungua upana kuelekea ndani, namba 1, za kati namba 2, na ncha zinazoshika mti hazibadilishani.

Fundi wa Katwe alinichongea kiunganishi kwa 70,000. Alifanya kazi safi kwa mashine aliyokuwa nayo, lakini kiunganishi kisipokaa sawasawa hata kwa unene wa karatasi, ukingo wa bakuli hucheza kiasi cha kuonekana kwa macho, na juu ya hayo kilisogeza uzito wote mbali na beringi. Nilikereza nacho kwa miezi miwili mabakuli madogo yenye upande mmoja mnene.

Kisha umeme ukakatika. Ilikuwa Jumamosi, kama saa kumi jioni, nami nilikuwa nimefunga kipande cha mwembe. Taa ilipozimika na mashine ikanyamaza, nilichukua ufunguo wa chaki nilegeze taya, simu ikalia, nikauacha ufunguo ukiwa umechomekwa nikaenda kuipokea. Swichi ya kerezo lile ilikuwa ya kawaida kama ya taa, na haikukumbuka kwamba mimi sipo. Ilikuwa bado imewashwa. Umeme uliporudi, mota iliondoka kwa mizunguko 850, ufunguo ukaruka, ukavunja kioo cha dirisha, ukaokotwa na mtoto wa jirani uani kwao. Mtoto alikuwa akicheza hatua tano kutoka hapo. Alinirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, akiuliza kama ni mali yangu.

Nilimpigia mume wangu simu nikamwambia nauza. Alidhani nauza kila kitu. Kwa kweli nami nilidhani hivyo mpaka asubuhi.

Asubuhi niliketi na kalamu, nikafanya kile ninachowalazimisha wengine kukifanya. Niliandika kwamba nataka mashine ya mezani ya chuma cha kalibu, yenye kuzungusha mti wa inchi 12, kasi inayoanzia 250 na kubadilishwa kwa kitufe, hesi ya inchi 1 kwa nyuzi 8 ili chaki niliyokuwa nayo iingie bila kiunganishi, mchongoko namba 2 kichwani na mkiani, mota ya robo tatu ya nguvu ya farasi au zaidi, na swichi ya usalama inayojizima umeme ukikatika na kusubiri mtu aibonyeze tena. Hilo la mwisho, kwa nchi yenye umeme kama wetu, ningeliweka mbele hata ya mota. Kasi ya kitufe inaendeshwa na sakiti ya elektroniki ambayo haipendi umeme unaopanda na kushuka, kwa hiyo niliongeza stebilaiza kwenye orodha.

Hakuna duka nililolipata Kampala lenye mashine hiyo tayari, nikaagiza China kupitia wakala. Bei ilikuwa 1,900,000. Usafiri kwa meli hadi Mombasa na barabara kupitia Malaba, pamoja na ushughulikiaji, 620,000. Kodi na tozo, 640,000. Watu wengi hudhani ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa kwenye bei ya kitu peke yake. Hutozwa kwenye bei pamoja na usafiri na bima na ushuru wowote uliopo, na mashine yenye uzito hulipiwa usafiri mkubwa, hivyo uzito huo niliousifu hapo juu unalipiwa mara mbili. Wakala aliniahidi mwezi mmoja, nami nilisubiri wiki tisa.

Kerezo la kwanza nililiuza kwa 600,000 kwa kijana anayetengeneza miguu ya viti, naye hadi leo analishukuru. Ukilijumlisha na pikapu, kiunganishi na ile seti ya patasi, nilitoa 1,250,000 nikarudishiwa 600,000. Shilingi 650,000 zilikwenda kwa maswali mawili niliyomwuliza yule muuzaji.

Kuhusu patasi, sasa ninazo tatu tu za chuma cha kasi, kile kisicholegea kwa joto la kunoa: ya bakuli yenye mfereji wa kina, ya nguzo, na moja nyembamba ya kukatia. Zilinigharimu 390,000, zaidi ya mara mbili ya zile sita, na kazi zinayofanya haina ulinganisho. Ila hata hizo hazikufanya lolote kwa wiki mbili za kwanza, kwa sababu patasi mpya hutoka dukani ikiwa na umbo lakini bila makali, na mimi nilikuwa nikinoa kwa mkono kwenye jiwe la visu. Patasi ya bakuli hunolewa kila baada ya dakika chache za kazi. Nikiwa na mti mgumu kama mvule, hunoa mara nne au tano kwa bakuli moja, na asiye na jiwe la umeme karibu na kerezo hujikuta akisukuma kwa nguvu badala ya kunoa, na hapo ndipo mti unaporuka. Nilinunua mashine ya kunolea ya inchi 8 kwa 280,000, ile ya mota ya polepole ambayo kwa umeme wetu huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika. Zile za kawaida huenda karibu 2,850 na humaliza chuma haraka mikononi mwa mwanafunzi. Jiwe la kijivu nililitoa nikaweka jeupe kwa 90,000, na kishikio cha kushikilia pembe ya patasi nilikiunga mwenyewe kwa mbao na boriti ndogo ya chuma. Kama ningeanza upya na fedha zikawa chache, ningeinunua mashine ya kunolea kabla ya kerezo.

Ngao ya uso mzima ni 45,000. Beseni langu la nguo linaweza kueleza sababu. Glavu hazivaliwi, mikono mirefu hukunjwa, na leso hufungwa nyuma. Vumbi la mvule lilinitoa vipele mikononi na kunifanya nikohoe usiku kucha, kwa hiyo mti huo siusugui kwa msasa bila barakoa nzuri na mlango wazi.

Nimesahau kusema yaliyolipata gogo la mama. Wakati nikihangaika na hesi na kiunganishi, magogo ya mfenesi yalikuwa uani, yamefunikwa kwa bati, yakipigwa na jua la mchana. Yalipasuka kutoka kiini hadi gome, na zaidi ya nusu yakaenda kwenye kuni ambazo mama alizikataa tangu mwanzo. Mti haungojei mnunuzi ajifunze. Yaliyobaki niliyapasua katikati kuondoa kiini, nikapaka nta ya nyuki kwenye ncha zake, na mashine mpya ilipofika nikakereza kila kipande kwanza kwa unene wa sehemu moja ya kumi ya upana wake, nikavizika ndani ya mifuko ya karatasi pamoja na taka za mbao zao wenyewe. Vilikaa humo miezi mitano. Viwili vilipasuka hata hivyo, vinne vilipinda kama yai, na hayo ndiyo mapindo ninayoyataka, kwa sababu unene ule ulioachwa hutosha kuvirudisha katika duara.

Bakuli la mama lina upana wa inchi 9, la manjano yanayoanza kuelekea kahawia, kama mti wa fenesi ulivyo ukikaa kwenye mwanga. Anawekea karanga. Alipolipokea aliligeuza, akauona mduara mdogo chini yake ambapo taya za chaki zilishika, akauliza ile alama ni ya nini, nikajikuta namweleza habari za hesi kwa nusu saa.

Tangu hapo watu wanne wameniomba niwasindikize kutazama makerezo yaliyotumika. Ndani ya mkoba wangu, pamoja na kikokotoo na rula, kuna nati ya inchi 1 niliyoinunua kwa wauza bolti wa Kisenyi, ile ya kawaida ya nyuzi 8 kwa inchi, ambayo ni sawa na hesi ya chaki yangu. Kabla ya kuuliza bei naikaza kwenye mhimili kwa vidole. Mara tatu haikuingia.